Kanisa linawezaje kupinga umilitari bila kuwahukumu waumini walio askari?

Mwalimu wa Jumapili

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki kadhaa.

Nafundisha watoto wa kanisa, na mara mojamoja hupewa nafasi ya kuongoza maombezi katika ibada kuu. Katika ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani niliwaombea askari wetu waliofariki, kisha nikawaombea na waliouawa upande wa pili, pamoja na mama zao. Sikukusudia kumchokoza mtu yeyote. Niliamini natimiza tu agizo la Bwana katika Mathayo 5:44, la kuwapenda adui zetu na kuwaombea wanaotuudhi. Baada ya ibada wazee wawili wa kanisa waliniita kando wakaniambia kwamba maombi yale yalikuwa dharau kwa mashujaa, na kwamba miongoni mwa waliohudhuria alikuwapo mama aliyempoteza mwanawe vitani, ambaye alitoka kabla ya baraka ya mwisho. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilikosea.

Jumapili iliyofuata niliwaomba watoto wa darasa langu wamchore mtu wa Mungu aliye jasiri. Nilitarajia kumwona Danieli katika tundu la simba, au Esta mbele ya mfalme, au labda yule mvulana aliyetoa mikate yake mitano. Karibu wote walichora mtu mwenye bunduki. Mmoja alimchora Yesu mwenyewe akiwa amevaa sare za jeshi, na nilipomuuliza alinieleza, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba Yesu ndiye Bwana wa majeshi kama tunavyoimba. Watoto hawa hawajawahi kuishi katika vita. Basi haya wameyapata wapi, kama si kwetu sisi tuliowalea?

Ninachotaka kujua ni hiki: Mkristo anaweza kuupinga umilitari katika jamii yake, na hata ndani ya kanisa lake, kwa hoja za imani na si za siasa tu, bila kuwavunja moyo waumini walio askari na wazazi waliozika watoto wao? Au je, hayo mawili hayawezi kwenda pamoja, na mimi natafuta njia ambayo haipo? Naomba pia mnisaidie kuhusu Warumi 13, kwa maana ndiyo sura niliyosomewa na wazee wale wawili.

Mchungaji wa Zamani

Mwalimu, amani ya Kristo iwe nawe. Nimeongoza ibada nyingi za aina hiyo uliyoieleza, nyingine kwa namna ambayo leo naijutia, kwa hiyo sizungumzi kama mtu aliyesimama nje ya jambo hili.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa mabishano mengi huzaliwa pale watu wanapotumia neno moja kwa maana mbili. Kuwa na jeshi hakujawa umilitari bado. Umilitari ni hali ya jamii iliyofika mahali pa kuamini kwamba mwishowe kinachookoa ni silaha: utii wa kijeshi unakuwa kipimo cha uraia mwema, anayehoji huitwa msaliti kabla hajasikilizwa, na kila tatizo, hata ugonjwa na umaskini, huelezwa kwa lugha ya mapigano kana kwamba hatujui tena namna nyingine ya kushughulika na jambo gumu. Nchi inaweza kuwa na jeshi dogo na bado umilitari ukawa umejaa mioyoni mwa watu wake.

Ndiyo maana naliona swali lako kuwa la ibada kabla ya kuwa la siasa. Katika Kumbukumbu la Torati 17:16 mfalme wa Israeli anakatazwa kujizidishia farasi, na tukumbuke kwamba farasi wa enzi hizo hakuwa mnyama wa kulimia bali chombo cha vita, cha gharama kubwa kuliko vyote. Katika 1 Samweli 8 watu wanapodai mfalme atakayewapigania vita vyao, Samweli anawaambia gharama yake, na la kwanza analolitaja ni kwamba atawatwaa wana wao kwa ajili ya magari yake ya vita, na wengine watafanya kazi ya kutengeneza silaha. Isaya 31 inawalilia ole wanaotelemka kwenda Misri kutafuta farasi. Zaburi ya 20 inasema, "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu." Waandishi hao hawakuwa wakikataa kila vita, lakini wote walijua kwamba silaha haziishii kutumiwa, bali hudai kuaminiwa, na kinachodai imani ya mwanadamu namna hiyo Biblia hukiita sanamu.

Kisha lipo neno katika Isaya 2:4 ambalo tunalipita mbiombio kwa sababu tunapenda picha ya panga zinazofuliwa ziwe majembe. Aya hiyo inamalizika hivi: "wala hawatajifunza vita tena kamwe." Tazama kitenzi hicho. Nabii hasemi tu kwamba vita vitakoma. Anasema vita ni somo, na somo lina walimu wake, nyimbo zake, sikukuu zake na madarasa yake. Chuki ya kutosha kumuua mtu usiyemjua haimjii mtu yenyewe, hufundishwa kwa miaka mingi na kwa upole mwingi. Wanafunzi wako, mwalimu, wamekuonyesha daftari la somo hilo.

Na kanisa limekuwa darasa mojawapo. Mwezi Oktoba 1914, wasomi 93 wa Ujerumani walitia sahihi tamko la kuitetea nchi yao katika vita vilivyokuwa vimeanza, na miongoni mwao walikuwamo wanatheolojia wakubwa, akiwamo Adolf von Harnack. Karl Barth, aliyekuja kuwa mwanatheolojia mashuhuri lakini wakati huo mchungaji kijana, aliona majina ya walimu wake mwenyewe humo, akaanza kutilia shaka theolojia yote aliyofundishwa nao. Nauleta mfano huu kwa sababu wale hawakuwa wajinga wala waovu. Walikuwa watu wa ibada na elimu ambao imani yao ilikuwa imechanganyika na taifa lao polepole, hata siku ya kuchagua ilipofika hawakuona kwamba kulikuwa na la kuchagua.

Sasa kuhusu fundisho la vita vya haki, ambalo kanisa langu linalishika na mimi silikani. Thoma wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, aliweka masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki, na nia njema. Wengi hudhani fundisho hili lilitungwa ili kuvibariki vita. Kwa kweli linaanza upande wa pili: uhai wa mtu haupaswi kutwaliwa, kwa hiyo anayetaka kuutwaa ndiye anayedaiwa ushahidi. Augustino, askofu wa kale wa Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba mwenye hekima huomboleza hata pale anapolazimika kupigana vita vya haki, na kwamba anayeviwaza bila uchungu amepoteza hisia za kibinadamu. Askofu Basili wa Kaisaria, katika karne ya 4, alisema kuua vitani hakuhesabiwi sawa na uuaji wa kawaida, lakini akashauri waliofanya hivyo wajizuie na ushirika mtakatifu kwa miaka 3, kwa kuwa mikono yao si safi. Baada ya mapigano ya Hastings, huko Uingereza, ya mwaka 1066, maaskofu waliwawekea askari wa upande ulioshinda kitubio: aliyejua amemuua mtu katika mapigano yale makubwa alitakiwa kutubu mwaka mmoja kwa kila mtu aliyemuua.

Fikirini jambo hilo. Kanisa lililokubali kwamba vita vinaweza kuwa halali lilimpokea mshindi kwa machozi na toba. Sisi twampokea kwa vigelegele, kisha twamwacha peke yake na mzigo wake. Anayeamini vita vya haki kwa uaminifu ana kila sababu ya kuuchukia umilitari, kwa maana umilitari humnyima nafasi ya kuuliza swali lake la kwanza, kwamba je, vita hivi ni vya haki? Ukiondoa swali hilo umebaki na desturi ya kubariki chochote kilichokwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo sioni kwamba ulikosea kuomba ulivyoomba. Nina neno moja tu la kukuuliza: je, kabla ya kuwataja wa upande wa pili, mlimtaja kwa jina kijana wa yule mama?

Raia na Muumini

Nimesoma kwa makini na nawaheshimu nyote, lakini nahofu kwamba mnazungumza kama watu ambao usiku hulala salama kwa sababu mtu mwingine yuko macho. Warumi 13:4 inasema wazi kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi, aliwaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu." Na Bwana mwenyewe katika Luka 22:36 aliwaambia wanafunzi wake kwamba asiye na upanga auze joho lake akanunue. Kama heshima kwa jeshi ni dhambi, basi tuambiwe ni nani atakayewazuia wavamizi. Kijana anayejitoa afe kwa ajili ya wengine anastahili kupigiwa makofi, na mimi nitaendelea kupiga.

Askari Mstaafu

Nawasalimu wote kwa jina la Bwana. Nilitumika jeshini tangu nilipokuwa kijana hadi nywele zilipoanza kuwa nyeupe, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa pia mwanakwaya. Nitasema machache, ingawa moyoni ni mengi.

Ndugu yangu Raia na Muumini amesema kweli kuhusu usiku, na nisingependa mtu yeyote alichukulie neno lake kijuujuu. Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea nchini Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kukipunguza kikosi chake cha kulinda amani hadi watu 270. Watu waliokimbilia mahali walipodhani pana ulinzi waliachwa. Mkristo anayesema kwamba silaha haina nafasi kabisa katika dunia hii lazima awe tayari kusema hivyo huku akiwatazama watu hao machoni, na mimi bado sijaweza.

Lakini kuhusu makofi, nisikilizeni. Niliporudi kutoka mahali nilipotumwa nilisimamishwa mbele ya kanisa, nikatajwa kuwa shujaa wa imani, nikapigiwa makofi marefu. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo lilikuwa halali kwa kila kanuni niliyoijua, na ambalo mtu mmoja alikufa kwa sababu yake, mtu aliyekuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilikuwa nimekuja kanisani siku hiyo nikitafuta mtu wa kumwambia. Baada ya makofi yale haikuwezekana tena. Ungemwambiaje mtu ambaye ametoka kukushukuru? Nilibaki na neno hilo kwa miaka 11, na lilikuwa likiniamsha kila usiku saa ileile, hadi padri mmoja wa hospitali, ambaye hata hakuwa wa dhehebu langu, alipoketi nami akaniuliza jina la mahali ilipotokea. Siku hizi wataalamu huliita jambo hilo jeraha la dhamiri. Sisi hatukuwa na jina lake.

Mwalimu, unaogopa kwamba ukiupinga umilitari utatuumiza sisi tuliovaa sare. Wengi wetu tumeumizwa zaidi na kule kusifiwa. Anayetutukuza hututaka tubaki picha ukutani, na picha haiungami. Waliopigana hawashangilii vita kama wanavyovishangilia waliovitazama kwa mbali, na nimeona mara nyingi kwamba anayepaza sauti zaidi katika sherehe hizo ni yule ambaye hakwenda.

Maombi yako kwa waliokufa upande wa pili, kama ningekuwapo, yangekuwa maombi ya kwanza katika ibada ya namna hiyo kumhusu mtu ambaye mimi huwaza habari zake kila siku.

Mama wa Jadi ya Amani

Shikamoo mzee wangu Askari Mstaafu. Nimelia niliposoma maneno yako, na ningependa nijibu swali lako la Rwanda kwa uaminifu, kwa sababu mimi ni wa makanisa ambayo tangu karne ya 16 yamekataa upanga, na swali hilo tunaulizwa tangu zamani hizo.

Sitadai kwamba nina jibu lililokamilika. Ila tutazame pia yaliyotangulia Aprili 1994. Vijana walikuwa wamekwisha kupangwa katika vikundi na kufunzwa kuua, silaha zilikuwa zimegawiwa, redio ilikuwa imewazoeza watu kuwaita jirani zao mende. Vita vilikuwa vimefundishwa, kwa neno lile la Isaya ambalo Mchungaji ametukumbusha. Na wengi waliouawa, huko Nyamata, Ntarama na Nyarubuye, waliuawa ndani ya makanisa, katika nchi ambayo idadi kubwa kabisa ya watu wake ilikuwa imebatizwa. Wewe unauliza ni nani angewazuia wauaji siku ile, nalo ni swali la haki. Mimi nauliza pia kanisa lilikuwa likifundisha nini miaka 30 kabla ya siku ile, hata ubatizo ukawa mwepesi kuliko kabila. Tukiuliza swali la kwanza peke yake, kila mara tutafika tukiwa tumechelewa, na kila mara upanga utaonekana kuwa ndio jibu pekee lililobaki mezani.

Kuhusu hofu ya Mwalimu ya kuwahukumu askari, nakumbuka habari ya Maximilian, kijana wa miaka 21 aliyeuawa huko Theveste, Afrika ya Kaskazini, mwaka 295. Baba yake alikuwa mtu wa jeshi la Roma, na kijana alitakiwa kuandikishwa. Akasema hawezi kutumika jeshini kwa kuwa ni Mkristo. Liwali Dion akamwambia kwamba wako Wakristo wanaowatumikia watawala kama askari. Maximilian akajibu kwamba hao wanajua wenyewe linalowafaa, bali yeye ni Mkristo na hawezi kutenda uovu. Aliuawa bila kumhukumu hata mmoja wa Wakristo waliokuwa wamevaa sare. Alijua dhamiri yake, na dhamiri za wengine akamwachia Mungu aliye mwamuzi wao.

Na tusisahau kwamba umilitari humtesa anayekataa hata mikononi mwa watu wa Mungu. Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, alikataa kupigana katika jeshi la Hitler. Aliomba ushauri wa askofu wake, naye akamhimiza afikirie wajibu wake kwa familia. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, akaacha mke na watoto. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2007. Miaka 64 ilipita kati ya kuonekana mkaidi na kuonekana mtakatifu, na katika miaka hiyo mjane wake Franziska aliishi akilaumiwa na majirani. Hapo ndipo penye kipimo ninachopenda kuwapa watu wanaoniuliza kama jamii yao ina umilitari: tazameni mnavyomtendea yule anayekataa kwa sababu ya dhamiri, na mnavyomtendea mamaye na mkewe.

Liko pia suala la fedha, ambalo makanisa hulikwepa kana kwamba bajeti haina uhusiano na maadili. Kwa hesabu za taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, matumizi ya kijeshi duniani mwaka 2024 yalifika dola za Marekani bilioni 2,718. Martin Luther King, aliyekuwa mchungaji, alisema katika kanisa la Riverside mjini New York, tarehe 4 Aprili 1967, kwamba taifa linaloendelea mwaka baada ya mwaka kutumia fedha nyingi zaidi kwa ulinzi wa kijeshi kuliko kwa kuinua maisha ya watu linakaribia kifo cha kiroho. Alisema kifo cha kiroho, maana alikuwa anatoa mahubiri. Magazeti makubwa yalimshutumu na baadhi ya marafiki wakajitenga naye. Aliuawa mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile.

Mwalimu, kama unatafuta mfano wa kuwapa watoto wako, wape huu wa Msumbiji. Vita vya huko vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya mazungumzo marefu yaliyosaidiwa na jumuiya ya waamini ya Sant'Egidio pamoja na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira. Lakini bunduki zilibaki, zimefukiwa mashambani na kufichwa majumbani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Kianglikana, lilianza mpango wa kuzigeuza silaha kuwa majembe: aliyeleta silaha alipewa kifaa cha kazi, kama vile jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakaunda vitu kutokana na vipande vyake. Kiti kimoja kilichoundwa kwa vipande vya bunduki kiko leo katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Wale walisoma Isaya 2 wakafikiri imeandikwa ili ifanywe. Mwambie mtoto aliyechora bunduki achore na bunduki hiyo ikiwa imekuwa kiti, aone nani ataketi juu yake.

Mchungaji wa Zamani

Narudi kwa ufupi, kwa ajili ya ndugu Raia na Muumini, kwa kuwa hoja yake ya Luka 22 inastahili jibu. Ni kweli Bwana alisema wanunue upanga. Wanafunzi wakamwonyesha panga mbili, naye akasema, "Basi." Panga mbili kwa watu kumi na wawili si maandalizi ya vita, na katika aya ya 37 amekwisha kueleza kwamba lazima litimie andiko la kuhesabiwa kwake pamoja na wahalifu. Dakika chache baadaye mmoja wao anautumia upanga huo, na Yesu anamkemea, kisha analigusa sikio la aliyejeruhiwa akamponya. Huo ndio mwujiza wa mwisho wa uponyaji kabla ya msalaba katika Injili ya Luka, na aliyeponywa alikuwa amekuja kumkamata.

Kuhusu Warumi 13, ombi langu ni moja tu: isomwe pamoja na sura ya 12, kwa kuwa Paulo hakuigawa barua yake katika sura. Aya chache kabla ya upanga wa mwenye mamlaka imeandikwa, "Adui yako akiwa na njaa, mlishe, akiwa na kiu, mnyweshe." Kuitambua kazi ya mamlaka ni jambo moja. Kuipa mamlaka hiyo moyo wetu, mimbari yetu na madarasa ya watoto wetu ni jambo jingine, na Paulo, ambaye kwa mapokeo ya kanisa aliuawa kwa upanga wa mamlaka hiyohiyo, hakutuagiza tufanye hivyo.

Na kwa mtoto aliyemchora Yesu na sare: usimkemee. Msomee Ufunuo 5. Yohana anaambiwa kwamba Simba wa kabila ya Yuda ameshinda. Anageuka kumtazama, na anachokiona ni Mwana-Kondoo aliyesimama kana kwamba amechinjwa. Mwache mtoto ajiulize mwenyewe simba alikwenda wapi.

Raia na Muumini

Nashukuru, Mchungaji. Sijakubaliana na yote, hasa habari ya bajeti, ambayo naiona ina mambo mengi kuliko yaliyosemwa. Lakini mzee Askari Mstaafu, naomba unisamehe kwa neno langu la makofi. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kumfunga mtu kinywa.

Mwalimu wa Jumapili

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nimwendee yule mama, na ilinichukua siku kadhaa kupata ujasiri.

Jibu la swali la Mchungaji ni hapana: hatukumtaja kijana wake kwa jina. Hatukumtaja yeyote kwa jina. Tulisema "mashujaa wetu" tukaendelea. Mama aliniambia kwamba alipotoka kanisani alikuwa amekasirika, na kwamba hasira yake ilianza kabla ya maombi yangu, tangu wimbo wa kwanza. Alisema kila mwaka humsimamisha mbele na kumpa shada, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Niliposema nimewaombea na mama wa upande wa pili, alisikia tu kwamba hata nafasi ndogo aliyokuwa nayo ameigawana na wageni. Tuliketi muda mrefu. Alinieleza habari za mwanawe, kwamba alikuwa mtu wa kuchekesha na alichukia kuamka mapema. Nilipoinuka kuondoka aliniambia kwamba mwaka ujao nimtaje kwanza mwanawe kwa jina lake, kisha hao wengine nao niwaombee, kwa maana nao wana mama.

Nimezungumza pia na wazee wale wawili. Mmoja bado hajaridhika, na namwelewa. Wa pili amekubali kwamba katika ibada ijayo kuwe na sehemu ya maombolezo na ungamo kabla ya shukrani, majina yasomwe, na bendera zikae nje ya mlango wakati wa sehemu hiyo. Tumekubaliana kwamba hakutakuwa na makofi. Kilichobaki ni kuchagua zaburi, na hapo naomba msaada, kwa maana zaburi zote zinazonijia akilini ni za ushindi.

Askari Mstaafu

Zaburi ya 51, Mwalimu. Watu huijua kwa ajili ya dhambi ya Daudi na Bathsheba, wakasahau kwamba kulikuwa na askari mmoja, Uria, aliyepelekwa mbele palipokuwa na vita vikali ili afe, kwa barua aliyoibeba yeye mwenyewe. Katika aya ya 14 mfalme anasema, "Uniponye na damu za watu." Huyo alikuwa amiri jeshi anayeungama. Kama hamna mtu wa kuisoma, na kama kanisa lenu linampokea msomaji wa dhehebu jingine, mimi naweza kuja.